Dar hadi Iringa kwa gari lako likizo ya Juni: mwongozo kamili wa kufika kabla ya giza

Shule zikifungwa mwezi wa sita, familia nyingi za Dar huwasha gari kwenda Nyanda za Juu Kusini. Wengine wanakwenda kwa wazazi, wengine wanataka tu kuonja baridi. Na malalamiko ya waliorudi hufanana: giza limewakuta Mlima Kitonga, kabla ya Iringa, gari limechemsha katikati ya kona, hela ya mafuta ya kurudi imeliwa njiani.

Wengi wao walikuwa na gari zima na hela ya kutosha. Kilichowaponza ni hesabu: kilomita 500, mwendo 100, basi saa tano tumefika. Barabara ya TANZAM, hii kuu ya kwenda Zambia, haiendi hivyo. Vijiji vyenye kibao cha 50 havihesabiki, malori ya Zambia na Kongo hupanda mlima kwa mwendo wa miguu, na ndani ya Hifadhi ya Mikumi mwisho ni 70. Kwa hiyo tutaanzia mwisho, saa jua linapozama Iringa, kisha turudi nyuma hadi kwenye geti lako.

Hesabu zote hapa ni za gari dogo la petroli lenye watu wanne au watano. Mwenye gari la juu abadilishe hesabu ya mafuta tu.

## Vitu vya kuwa navyo

Vikusanye kwanza, maana hatua zinazofuata zinavihitaji.

Karatasi: leseni hai, kadi ya gari au nakala yake, bima hai. Kama gari si lako, chukua barua fupi ya mwenyewe yenye namba yake ya simu.

Vya sheria na usalama: pembetatu mbili za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto ambao muda wake haujaisha, kisanduku cha huduma ya kwanza, vizibao viwili vya kuakisi mwanga.

Vya matengenezo: spea tairi yenye upepo, jeki, spana ya magurudumu, kipima upepo, waya za kubusti betri, tochi, kamba ya kuvutia, lita tano za maji safi, lita moja ya oili ya aina ile ile iliyomo kwenye injini, na kulanti (maji maalumu ya kupoza injini).

Vya watu: maji ya kunywa, chakula kisichoharibika, blanketi, masweta, mifuko ya kutapikia, karatasi za chooni. Masweta yawe karibu, yasizikwe chini ya masanduku kwenye buti. Mji wa Iringa uko juu, mita zipatazo 1,600, na jioni ya Juni watoto wa Dar watalia baridi kabla hujafungua mzigo.

Simu: ramani iliyopakuliwa ili ifanye kazi bila intaneti, chaja ya gari, na hela mahali pawili: kidogo mkononi, nyingine kwenye simu.

## Hatua ya 1: Panga saa kwa kurudi nyuma (wiki tatu kabla)

Mwezi wa sita jua huzama Iringa karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni. Lengo lako liwe kufika saa kumi na robo. Hizo saa mbili na zaidi zilizobaki ndiyo akiba ya pancha, foleni, au lori lililolala barabarani.

Kwa ratiba ya kweli, yenye vituo vya kula na kujinyoosha, safari inachukua takriban saa kumi na moja. Igawe hivi:

- Saa 11:00 alfajiri: toka Kimara.
- Saa 3:00 asubuhi: Morogoro. Pumzika dakika 45, kula.
- Saa 6:00 mchana: Mikumi mjini, baada ya kuvuka hifadhi.
- Saa 7:45 mchana: Ruaha Mbuyuni. Pumzika nusu saa, gari lipoe.
- Saa 9:30 alasiri: Ilula, Kitonga iko nyuma yako.
- Saa 10:15 jioni: Iringa.

Sasa jaribu kutoka saa mbili asubuhi, kama wengi wanavyofanya kwa sababu mama hajamaliza kupaki. Kila saa inasogea mbele tatu. Utatoka Ruaha Mbuyuni kuuelekea Mlima Kitonga saa kumi na moja na robo, utoke juu jua likizama, na kipande cha mwisho ukiendeshe gizani kabisa. Hapo bado hujapata pancha.

Kwa nini giza ni tatizo kubwa hivyo? Lori lililoharibika usiku mara nyingi halina taa wala pembetatu. Lina matawi ya miti yaliyotupwa mita chache nyuma yake. Mchana unayaona matawi ukiwa mbali. Usiku unayaona ukiwa umeshayakanyaga.

Saa ya kukata tamaa. Iandike kwenye karatasi na uibandike kwenye dashibodi: *kama saa nane mchana bado tuko Mikumi, tunalala Mikumi.* Amua mkiwa nyumbani, maana ukiwa umechoka, huku shemeji anasema "si mbali sasa, tukaze tu", utakubali.

Maoni yangu: kama dereva ni mmoja tu, au kuna mtoto chini ya miaka sita, usifanye safari hii kwa siku moja hata kidogo. Lala Morogoro au Mikumi. Gharama ya gesti ya usiku mmoja ni ndogo kuliko gharama ya dereva anayesinzia baada ya chakula cha mchana.

Na kama safari yako inaishia Morogoro, liache gari nyumbani. Treni ya SGR inafika huko kwa takriban saa mbili, nawe unasoma gazeti.

## Hatua ya 2: Chagua tarehe na vitanda

Kwepa siku za kuzunguka Saba Saba (7 Julai) kwa kutoka na kuingia Dar. Kwepa pia wiki ya Nane Nane (8 Agosti) kama unalala Morogoro au unaendelea hadi Mbeya, kwa sababu maonyesho ya wakulima hujaza vyumba na bei hupanda.

Jumanne, Jumatano na Alhamisi ndizo siku nzuri. Ijumaa jioni usijaribu.

Piga simu kwenye nyumba ya wageni, usiishie kuangalia picha. Uliza mambo matatu: kuna maji ya moto, gari linalala ndani ya uzio, na geti linafungwa saa ngapi. Hatua hii imekamilika ukiwa na jina na namba ya mtu anayekusubiri Iringa, pamoja na namba ya gesti moja ya Mikumi, hata kama huna mpango wa kulala huko.

## Hatua ya 3: Pima gari lako linakula kiasi gani

Usiulize jirani mwenye gari kama lako. Pima mwenyewe.

Jaza tenki hadi pampu ikate yenyewe. Sifuri kipimo cha safari kwenye dashibodi. Endesha siku kadhaa, kisha rudi sheli ile ile, ujaze tena hadi pampu ikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Ukipata 12, gari lako linakwenda kilomita 12 kwa lita.

Hesabu ya safari: kwenda na kurudi kilomita 1,000, ongeza 150 za mizunguko ya Iringa. 1,150 gawanya kwa 12 ni lita 96. Ongeza asilimia kumi kwa ajili ya mlima na mzigo: lita 105 na nusu hivi. Tuseme lita ni shilingi 3,000, kwa mfano tu. Hiyo ni kama 317,000. Weka bei halisi ya mwezi wako: EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo anayesafiri mwanzoni mwa mwezi asubiri tangazo kabla ya kufunga bajeti.

Hela ya mafuta ya kurudi itenge siku unayotoka. Itume kwenye laini ya simu usiyoitumia kila siku. Nyama choma ya njiani haina huruma.

Mbali na hiyo, weka akiba ya usiku mmoja usiopangwa na ya kuvutwa gari hadi mji wa karibu.

## Hatua ya 4: Gereji wiki mbili kabla, kamwe si jana yake

Kosa la kawaida ni kulipeleka gari kwa fundi siku moja kabla ya safari. Fundi akisahau kukaza kitu, au kifaa kipya kikiwa kibovu, utakigundua Mikese. Wiki mbili zinakupa nafasi ya kurudi kwake.

Mwambie fundi unakwenda Kitonga. Ataelewa. Akague hasa:

Upoozaji. Rejeta, mipira yake, mfuniko, feni na themostati. Gari la Dar linaweza kuvuja kidogo mwaka mzima bila kelele, kwa sababu halijawahi kupanda mlima mrefu likiwa na mzigo. Kama ndani ya rejeta kuna maji matupu yenye kutu, yasafishwe na kuwekwa kulanti.

Breki. Pedi zivuliwe na kuonekana kwa macho, usikubali "ziko poa bosi". Kama mafuta ya breki hayajabadilishwa kwa miaka miwili, yabadilishwe. Hunyonya unyevu, na mafuta yenye maji huchemka kwenye mteremko mrefu. Hapo pedali inazama bila kushika.

Betri, mikanda, waipa na taa zote. Hivi ni vya dakika chache.

Baada ya gereji, toa gari nje. Nenda Bagamoyo urudi, kama kilomita 65 kila upande, ukiwa na watu ndani. Ukirudi, tandika boksi la karatasi chini ya injini usiku kucha.

Asubuhi boksi likiwa kavu, na kama mshale wa joto haukupita mahali pake pa kawaida njia nzima, gari liko tayari. Kukiwa na doa lolote, rudi kwa fundi na boksi lako.

## Hatua ya 5: Tairi

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye imani nyingi za kijiweni.

Umri. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa zee. Likizidi miaka sita, fundi alitazame nyufa. Likifika kumi, litoe hata kama linang'aa.

Upepo. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye stika iliyoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi yetu yanatoka Japani, na stika zao zina kipimo cha kPa. Gawanya kwa 6.9 upate PSI: 220 ni 32 hivi, 230 ni 33. Stika ikiwa na namba mbili, ile kubwa kwa kawaida ni ya gari lililojaa.

Pima asubuhi kabla hujaendesha. Tairi likiwa la moto linasoma juu, nawe utadhani limezidi.

Onyo. Utaambiwa upunguze upepo kwa sababu "njiani kuna joto, litapasuka". Ni kinyume. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakozaa joto linalolipasua. Usipunguze.

Spea. Fungua buti uitazame leo. Unaweza kukuta mambo matatu: tairi jembamba la dharura, ambalo mwisho wake ni mwendo wa 80 na linahitaji upepo wa PSI 60, kopo la dawa ya kuziba pancha lililokwisha muda, au hakuna kitu kabisa. Kama huna spea, nunua. Kwa safari hii kopo halitoshi.

Angalia pia kama magurudumu yako yana nati moja ya kufuli. Ufunguo wake ni kipande kidogo cha chuma ambacho mara nyingi kiko kwenye kijidroo cha mbele. Bila hicho, spea na jeki havikusaidii.

Mfanye kila mtu mzima atakayesafiri abadilishe tairi moja uwanjani kwenu. Akimaliza bila kukuuliza, mmefaulu.

## Hatua ya 6: Karatasi na madeni ya trafiki

Ingiza namba ya gari kwenye TMS, mfumo wa trafiki wa Jeshi la Polisi, uone kama linadaiwa. Faini ya kosa la barabarani ni shilingi 30,000, na deni la zamani likigundulika njiani linakula muda wako wa akiba.

Hakikisha bima haiishi katikati ya likizo. Weka namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto kwenye simu za watu wawili.

## Hatua ya 7: Kupakia (jioni ya kuamkia safari)

Vizito viwe chini na karibu na kiti cha nyuma. Spea, jeki na pembetatu viwe mahali unapovifikia bila kushusha mzigo wote pembeni mwa barabara.

Usipakie hadi kuziba kioo cha nyuma. Mikanda ya nyuma iwe nje, haijafukiwa na mabegi. Kila mtu anafunga, bibi pia.

Jaza tenki jioni hii. Lala saa tatu usiku. Ndiyo, hata kama kuna mechi.

## Hatua ya 8: Barabarani, kipande kwa kipande

Kimara hadi Morogoro. Bado kuna giza, lakini njia pana hadi Kibaha inaendesheka vizuri alfajiri. Kazi ya kipande hiki ni uvumilivu. Kwenye mizani ya Vigwaza na Mikese malori hupanga foleni pembeni na mengine hukata ghafla kuingia, kwa hiyo punguza mwendo. Ukiona kibao cha 50, shuka hadi 50 kabla ya kibao, kwani askari mwenye tochi ya kupima mwendo amekaa mita chache mbele. Usiongeze mwendo hadi uone kibao cha kumaliza 50.

Kuyapita malori. Dereva wa lori anaweza kukuashiria kwa taa kwamba njia ni nyeupe. Chukua hiyo kama maoni yake. Kama huoni mbele kwa macho yako, usitoke. Mstari usiokatika haupitwi, hata lori likiwa linatambaa.

Mikumi. Barabara kuu inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, na kupita tu hulipii kiingilio. Mwisho ni 70 mchana na 50 usiku. Kugonga mnyama kuna faini kubwa, na tembo akigongwa faini ndiyo tatizo lako dogo. Usishuke kupiga picha, usiwatupie nyani ndizi, vioo viwe juu. Kama watoto wanataka kuona wanyama kwa raha, lala Mikumi mjini, mwingie hifadhini asubuhi kwa njia rasmi.

Ruaha Mbuyuni. Pazuri pa kupumzika, kati ya mibuyu na mafungu ya vitunguu. Vitunguu nunua wakati wa kurudi. Sasa hivi ni mzigo wa kupandisha mlima. Zima gari, fungua boneti, tazama kulanti kwenye kichupa cha akiba. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Maji yanaruka na yanaunguza uso.

Kitonga. Kona ni kali, upande mmoja mwamba, mwingine bonde. Gari la manyo lishike gia namba mbili au tatu mapema, kabla injini haijaanza kulalamika. Gari la otomatiki zima kitufe cha O/D (gia ya juu kabisa) au weka S, lisibadilishebadilishe gia. Acha nafasi kubwa nyuma ya lori, kwa kuwa likishindwa linaweza kurudi nyuma.

Mshale wa joto ukianza kupanda, zima AC mara moja na uwashe hita kwa nguvu zote, vioo wazi. Mtatoka jasho, lakini hita inatoa joto kwenye injini. Mshale ukiendelea kupanda, egesha panapoonekana kwa mbali, zima, weka jiwe nyuma ya gurudumu na pembetatu nyuma ya gari, watu wasimame nje ya barabara. Subiri angalau nusu saa. Usimwagie injini maji baridi: chuma cha moto kinapasuka, na hapo safari inakuwa ya kuvutwa.

Lori likiziba njia, foleni inaweza kuchukua saa nyingi. Maji na chakula ulivyobeba ni vya hapa. Usitanue kupita foleni kwa kulia. Kutanua ndiko kunakofunga barabara kwa wanaoshuka.

Ilula hadi Iringa. Njia inafunguka na dereva analegea. Badilishaneni usukani Ilula. Mji uko juu ya kilima, unaacha barabara kuu pale Ipogolo na kupanda. Ukifika hapo jua bado lipo na mshale wa joto uko mahali pake, hesabu zako zilikuwa sahihi.

Siku za Iringa zipange wenyewe. Isimila, penye zana za mawe za kale, iko kama kilomita 20 kwenye njia ya Mbeya. Kalenga, lilipo fuvu la Mkwawa, ni karibu zaidi. Na mwamba wa Gangilonga ni wa jioni.

## Hatua ya 9: Kurudi

Watu hupanga kwenda na kusahau kurudi. Kitonga ya kushuka ni hatari kuliko ya kupanda.

Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Otomatiki weka L au 2. Gari la haibridi weka B. Breki zikanyagwe kwa muda mfupi na kuachiwa, zisishikiliwe mlima mzima. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali imekuwa laini, shusha gia zaidi, tafuta pa kuegesha, zipoe. Usizimwagie maji, na usiweke neutro hata kidogo kwa nia ya kuokoa mafuta.

Usirudi Jumapili. Jioni yake foleni ya kuingia Dar kuanzia Kibaha itakula saa ulizozipata njiani. Toka Iringa kukipambazuka, karibu na saa kumi na mbili na nusu, au ulale Morogoro na kuingia mjini asubuhi ya katikati ya wiki.

Siku ya pili baada ya kufika, pima tena upepo wa tairi zote nne. Moja likiwa limeshuka kuliko mengine, huenda lina msumari. Lipeleke kwa fundi kabla hujalipeleka gari kazini.